Ukumbi wa Zamani Haugeuki Uwanja kwa Kupigwa Mistari

Kuna ukumbi wa chuo kimoja hapa Mombasa, nitakiacha bila jina, ambao juu ya feni yake ya tatu kutoka mlangoni kumekwama kinyoya. Ni kinyoya cha ule mchezo wa vinyoya, badminton. Nilikirusha mimi nikiwa mwaka wa pili, na nilipopita pale mara ya mwisho kilikuwa kingali juu, kimegeuka kijivu kwa vumbi. Ukumbi wenyewe ulijengwa kwa mikutano na mitihani. Ijumaa moja tuliuacha hivyo. Jumatatu tukaukuta umekuwa "uwanja wa ndani": mistari ya rangi tatu imepakwa juu ya terazo, vikapu viwili vimekazwa ukutani kwa bolti, na mlangoni pana bango. Muhula ulipoisha vioo vinne vilikuwa vimevunjika, mwenzetu mmoja alikuwa ameteleza na kuvunjika kifundo cha mkono, na mhadhiri wa chumba cha jirani alikuwa amekuja mara mbili kutuambia kwamba mpira wetu unadunda ndani ya kichwa chake.

Kinyoya hicho nimekikumbuka juzi, barazani Kibokoni, kahawa chungu ikipita. Mazungumzo yalianza na viwanja vya mji, kama kawaida, yakaishia kwenye majengo ya zamani ya vyuo na swali la kwa nini yasifanywe kumbi za michezo mingi. Ami mmoja akasema, "Jengo la kale haliguswi. Sheria imekataza." Kijana aliyekuwa akila kashata akamjibu, "Ami, ukumbi mtupu ule! Tieni wavu, watu wacheze." Pakawaka moto. Mimi nilinyamaza, lakini nilirudi nyumbani nikiona kwamba wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: kila mmoja analiona jambo hili jepesi.

Tuanze na maneno, maana ugomvi mwingi hapo ndipo unapozaliwa. Chukua kanga. Ikipasuka ukaishona, umeikarabati: imerudi katika hali yake na kazi yake. Ukiikunja ukaitia sandukuni pamoja na udi ili mjukuu naye aje aione, umeihifadhi. Ukimfungia mtoto mgongoni, imekuwa mbeleko: nguo ni ile ile, kazi ni nyingine. Na ukiichana ukapigia deki, hilo sasa ni tambara, usiniambie ni kanga.

Kubadilisha matumizi ya jengo ni hiyo mbeleko. Wanaopinga huliona tambara, na wanaoshabikia mara nyingi huleta mkasi bila kujua. Tofauti iko wapi? Kanga hujulikana kwa pindo lake, mji wake wa katikati na jina lake lililoandikwa. Ikiwa mbeleko, vyote vitatu vipo, na mtoto akishateremshwa yaweza kurudi kuwa vazi. Jengo nalo lina pindo, mji na jina: labda ni matao ya mbele, labda mlango wa kuchonga, ngazi, au ule ukumbi mmoja ambao kila aliyesoma pale anaukumbuka. Hivyo vikibaki, na kilichoongezwa kikiweza kuondolewa bila kuacha jeraha, jengo limebadilishwa kazi. Vikitoweka, limevunjwa kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo fundi anayejua huleta kikapu cha kusimama chenyewe, chenye magurudumu, badala ya kutoboa ukuta. Sisi tulitoboa ukuta.

Ami wa kahawa asidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imekuwa ngome, ikawa kambi ya askari, kuanzia 1895 Waingereza wakaifanya jela, na wafungwa hawakutoka hadi 1958. Miaka michache baadaye ikawa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, jela na yote iliyopitia. Vuka barabara tu hapo uone jengo la mahakama ya zamani, la 1902, ambalo hakuna anayehukumiwa ndani yake tena. Watu huingia kutazama picha. Majengo haya yasingepewa kazi mpya yangebaki ya popo.

Na sheria? Kenya tunayo Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Hii hufanya kazi kwa jengo lililotangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali kuwa jengo la kihistoria la kulindwa. Uzee peke yake haulipi jengo hadhi hiyo. Kuna nyumba za miaka mia ambazo hazijatangazwa, na lililotangazwa ndilo linalolindwa. Jengo likishatangazwa, hulibadilishi bila idhini. Hiyo ni idhini, kaka, si marufuku. Unapeleka michoro, unaeleza unachotaka kugusa na usichotaka kugusa, unajibiwa. Mbali na hapo kuna kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi, ambacho hata duka la unga likigeuzwa zahanati hukihitaji. Kwa hiyo aliyesema "sheria imekataza" na aliyesema "tieni wavu tu" waende wakakae foleni moja.

Lakini karatasi ndiyo sehemu rahisi. Nimefikia kuamini kwamba jengo ndilo linalochagua mchezo. Sisi huja baadaye, tukipenda au tusipende.

Anza na nafasi isiyo na nguzo. Uwanja wa mpira wa kikapu wa kanuni ni mita 28 kwa 15, na kandokando unataka angalau mita mbili za wazi ili mchezaji asijibwage ukutani. Juu unataka mita saba bila kizuizi. Voliboli ni mita 18 kwa 9, nayo ina zile zile saba za juu. Mpira wa mikono ni 40 kwa 20. Sasa ingia nyumba yoyote ya Mji wa Kale, utazame dari. Imebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko ina urefu wake ambao Mungu ameupanga. Ndiyo sababu vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba, upana haufiki hata mita tatu. Waashi wa zamani hawakuwa wanyimivu. Mti ndio uliowapimia. Ndani ya chumba kama hicho mpira wa kikapu ni ndoto, ila meza ya mpira wa meza, yenye upana wa mita moja na nusu, itaingia, wachezaji wakikubali kubanana kidogo.

Majengo ya vyuo ni hadithi nyingine, maana mengi ni ya karne ya ishirini, zama za zege na chuma. Chukua Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, ambacho wengi wetu bado tunakiita Poly. Kilianza kama taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu, MIOME, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, 1972 ikawa Politekniki, 2007 chuo kikuu kishiriki, na 2013 chuo kikuu kamili. Hesabu hapo: mahali pamoja pamebadilishwa jina na kazi mara nne bila ya mtu kulia kwamba historia imekufa. Majengo ya zama zile, ya karakana hasa, yana paa lililobebwa na kenchi, zile pembetatu za mbao au chuma. Kenchi ndizo zinazomwezesha fundi kuezeka ukumbi mpana bila kusimamisha nguzo katikati. Ukitaka kujua jengo la zamani la chuo laweza kuwa la michezo, usianze na sakafu. Inua macho kwanza.

Wenzetu Marekani wana mfano mzuri wa hili. Katika Chuo Kikuu cha Illinois kuna jengo linaloitwa Armory, la miaka ya 1910, lililojengwa ili wanafunzi wafanye gwaride la kijeshi hata theluji ikianguka nje. Gwaride halitaki nguzo. Basi paa likajengwa kwa matao makubwa ya chuma yanayoruka kutoka ukuta hadi ukuta. Baadaye ukumbi huo huo ukapokea njia ya kukimbilia ya ndani, na wanariadha hukimbia pale pale askari walipokuwa wakipiga mguu. Hakuna aliyelilazimisha jengo. Lilikuwa limeshajengwa kwa miguu mingi. Kule Iowa, jengo la michezo la chuo kikuu lililofunguliwa 1927 liliachwa na timu yake kubwa ya kikapu mwaka 1983, timu ikahamia uwanja mpya. Halikubomolewa. Likawa la wanafunzi wa kawaida, wenye kuogelea na wenye kucheza kikapu cha jioni.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Toronto, Kanada. Maple Leaf Gardens ulikuwa ukumbi mashuhuri wa hoki ya barafu tangu 1931. Timu ilipoondoka 1999 jengo likabaki likipigwa na upepo. Mwaka 2012 chuo kikuu kilichokuwa jirani kikafungua humo kituo chake cha michezo: ghorofa ya chini ni duka kubwa la vyakula, juu yake kuna uwanja wa kikapu, na juu kabisa, chini ya kuba lile lile la zamani, uwanja wa barafu. Chini wananunua nyanya, juu wanateleza. Ukisimama kwenye barafu ukainua uso unaona paa lile lile ambalo babu alilitazama. Hilo ndilo pindo la kanga.

Na mambo huenda pia kinyume. Tarehe 2 Desemba 1942, Chuo Kikuu cha Chicago, wanasayansi wakiongozwa na Enrico Fermi waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani ndani ya chumba cha mchezo unaofanana na skwoshi, chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira ambao chuo kilikuwa kimeacha kuutumia. Chumba kilikuwa kirefu juu, kina kuta imara, na hakina mwenyewe. Jengo likachagua tena.

Turudi chini, kwenye sakafu, maana hapo ndipo mwenzetu alipovunjikia mkono. Terazo ni sakafu nzuri kwa viatu vya ngozi na hotuba ndefu. Kwa mchezo ni adui, kwa sababu haibonyei. Ukiruka ukatua juu ya zege, goti lako ndilo linalobonyea. Sakafu ya michezo ya ndani hujengwa kwa mbao juu ya fremu yenye mpira chini yake, nayo hufanya kazi ya kitanda cha kamba: unapotua inashuka kidogo, halafu inakurudisha. Uzuri wake kwa jengo la kale ni kwamba yaweza kutandikwa juu ya terazo ya zamani bila kuichimba, na siku ikiondolewa, terazo iko pale pale chini, kama mkeka ulioinuliwa.

Kama ukumbi uko ghorofani, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Watu huuliza, "Sakafu hii inabeba watu mia mbili wa mkutano, itashindwaje na watu ishirini wa mazoezi?" Wa mkutano wamekaa. Wa mazoezi wanaruka, na wanaruka pamoja, kwa mdundo mmoja. Kumbuka bembea za Makadara siku za Idi: mtoto mdogo hampi mwenzake nguvu nyingi, anamsukuma kidogo tu, lakini kila mara kwa wakati wake, na baada ya dakika bembea inaruka. Jengo nalo lina mwendo wake wa kutikisika, na mdundo wa miguu ukilingana nao, mtikisiko hukua. Julai 2011 huko Seoul, Korea Kusini, jengo la ghorofa 39 liitwalo TechnoMart lilitikisika hadi watu wakatolewa nje. Wataalamu walipochunguza wakaelekeza kidole kwa watu wapatao kumi na saba waliokuwa wakifanya mazoezi ya kurusha ngumi na mateke kwa muziki, ghorofa ya kumi na mbili. Kumi na saba! Na hilo ni jengo la zege na chuma, la kisasa. Sasa mtu anataka kuweka jimu ya vyuma juu ya dari ya boriti kwa sababu "chumba kiko wazi."

Sisemi haya kumtisha mtu, lakini pwani hii hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Jengo la kale hukaguliwa kabla ya kuguswa, na hukaguliwa na mhandisi, tena anayeyajua mawe ya matumbawe, si fundi anayepiga ukuta kofi na kusema "ngumu hii."

Mawe hayo yana tabia yao. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia, unyevu hutoka. Ukiupiga lipu ya saruji ili uwe laini na mpira usiukwaruze, umeufunika pua. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi ya bahari, na baada ya misimu michache lipu inafura, inabanduka vipande vipande, na inabanduka na ngozi ya jiwe. Watu husema, "Ukuta umezeeka." Haukuzeeka, umezibwa. Saruji si mbovu. Ni dawa ya ugonjwa mwingine. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa, na ukihofia mpira, tundika wavu mbele yake.

Hapa ndipo neno "michezo mingi" linapoanza kuleta fitina, kwa sababu michezo hailingani tabia. Kinyoya kina uzito wa gramu tano hivi. Dirisha moja likifunguliwa wakati wa kaskazi, mchezo umeharibika, unacheza na upepo wala si na mtu. Wa vinyoya basi watataka madirisha yafungwe. Wa ndondi, saa kumi jioni, mwezi wa Machi, wakifungiwa katika ukumbi huo huo, wataanguka kabla ya kupigwa. Kikapu kinataka taa za juu zenye mwanga mwingi. Mwenye kuangalia kinyoya kikishuka hataki taa machoni. Mpira wa meza unataka utulivu, voliboli ni kelele. Hakuna rangi ya mstari itakayowapatanisha hawa.

Kinachowapatanisha ni saa. Ukumbi wa michezo mingi ni kama msikiti, ukumbi wa harusi na basi la shule: siri yake ni ratiba. Jumatatu na Jumatano vinyoya, madirisha yamefungwa asubuhi kabla jua halijapanda. Jioni ndondi, madirisha wazi. Na baina ya mchezo na mchezo kuna jambo ambalo halionekani katika michoro mizuri inayobandikwa mlangoni: stoo. Nguzo za wavu zinakwenda wapi? Mikeka? Vikapu vyenye magurudumu? Ukumbi usio na stoo ya kutosha huwa wa michezo mingi kwa mwezi mmoja, halafu unakuwa wa mchezo mmoja uliozungukwa na vyombo vya michezo mingine. Kama ningepewa nafasi ya kuuliza swali moja tu katika mkutano wa mradi wa namna hii, ningeuliza stoo ina ukubwa gani, kisha nikae.

Kuna na lile la bei: "Afadhali kutumia la zamani, ni rahisi kuliko kujenga jipya." Mara nyingine ni kweli. Ukuta upo, paa lipo, kiwanja kipo katikati ya mji ambako ardhi hainunuliki. Mara nyingine paa lile lile ndilo linalokula pesa zote kabla hujanunua mpira mmoja. Hutajua mpaka mtu apande darini na tochi. Atakayekutajia bei kabla ya hapo anakuuzia mbuzi gizani.

Mwaka jana nilirudi kwenye ukumbi wetu na tepu ya kupimia mfukoni, kwa ajili ya kujiridhisha tu. Ni mita 24 kwa 12. Uwanja wa kikapu haungeingia hata siku moja; tulikuwa tunacheza kwenye uwanja uliokatwa kichwa na miguu, na hatukujua. Wa vinyoya, wa mita 13.4 kwa 6.1, sakafuni unaingia vizuri kabisa, lakini chini ya feni ni mita nne tu, na kinyoya kikipigwa kwa juu kinahitaji zaidi ya hapo. Ndiyo sababu yangu ya kukwamisha. Sikuwa mchezaji mbovu kama walivyosema.

Siku hizi wameweka humo meza sita za mpira wa meza na, upande wa jukwaa, mikeka ya karate ya kukunjwa. Wakati wa mitihani vyote vinasukumwa ukutani na viti vinarudi. Unafaa, mtu angesema ulijengwa kwa hayo. Vikapu vimeondolewa, matundu ya bolti yamezibwa kwa saruji ya rangi tofauti na ukuta. Mistari waliwahi kuifuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Rangi ilikuwa imeshazama ndani ya terazo, na ukisimama mlangoni asubuhi, jua likiingia kwa chini, unaiona yote, ya rangi zile zile tatu, nyekundu, buluu na manjano, ikipita chini ya meza.